Sauti ya Shujaa na Hiari ya Mchezaji

Miongoni mwa michezo ichezwayo kwa kompyuta ipo aina moja iliyo karibu sana na hadithi. Mchezaji hapewi mpira wa kupiga wala gari la kushindana, hupewa mtu. Humchagulia mtu huyo jina, sura, asili na kazi, kisha humwongoza katika nchi ya kubuni yenye majoka, wachawi, falme zilizoanguka na raia wenye shida zao. Njiani shujaa huyo husemeshwa na wengi, na kila asemeshwapo mchezo husimama kungoja jibu lake. Majibu matatu au manne, pengine kumi, huandikwa kwenye kioo. Mchezaji huchagua moja, na mambo hufuata mkondo wa jibu hilo. Hatua hii ya kuchagua ndiyo iitengayo michezo ya hekaya na sinema, kwa maana mtazamaji wa sinema hana la kufanya ila kutazama.

Kwa muda mrefu shujaa wa michezo hii alikuwa kama bubu. Wenzake walipoanza kusikika kwa sauti za waigizaji, yeye maneno yake yaliendelea kusomwa tu. Ilipofika miaka ya 2000 watengenezaji kadhaa walianza kumpa sauti naye, na wengi walitazamia kwamba jambo hilo lingepokewa kwa furaha, kama sinema zilivyopokewa zilipoacha kuwa za kimya. Badala yake ulizuka ubishi ambao haujaisha hadi leo. Wachezaji wengi walilalamika kwamba shujaa alipopata sauti, wao walipoteza yao. Malalamiko hayo hayatokani na ukaidi wa watu wasiopenda mambo mapya. Yana sababu, na baadhi ya sababu hizo zaweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi.

Kutoka mezani hadi kwenye kioo

Chimbuko la michezo hii halikuwa kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi pamoja. Mmoja wao huwa msimamizi, naye husimulia mahali walipo na hatari zilizopo, na wengine humwambia watendalo wahusika wao. Kete hutupwa ili kuamua kama jambo gumu limefaulu. Katika mchezo huo mchezaji aweza kusema neno lolote limjialo kichwani. Akitaka kumwimbia joka badala ya kupigana nalo, hakuna wa kumzuia, kwa sababu msimamizi ni binadamu na aweza kubuni papo hapo yatakayotokea.

Kompyuta haina uwezo huo. Yale ambayo hayakutangulia kuandikwa ndani ya programu hayawezi kutokea. Mwaka 1976 Will Crowther aliandika programu ya kupita katika mapango kwa maneno matupu, na mwaka uliofuata Don Woods akaipanua; mchezaji alipiga amri ya neno moja au mawili, na mashine ikamjibu kwa sentensi. Mwaka 1985 Richard Garriott alitoa Ultima IV, mchezo ulioanza kwa kumtia mchezaji katika mitihani ya adili: je, aseme kweli hata kama kweli hiyo itamwumiza mwingine, au amhurumie? Kutokana na majibu yake programu ilimpangia kazi ya shujaa wake. Hapo hapakuwa na sauti ya mtu hata moja, lakini swali lilimlenga mchezaji mwenyewe aliyeketi mbele ya kioo.

Kilele cha ufundi huo wa maandishi kilifikiwa mwaka 1999 katika Planescape: Torment, mchezo ambao maneno yake yote hukadiriwa kufika 800,000. Shujaa wake hana jina, na maneno yake katika mazungumzo marefu husomwa, hayasikiki. Mchezo huu unafaa kuwa kipimo cha kueleza jambo la kwanza, nalo ni uzito wa sauti.

Uzito wa sauti

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili kuihifadhi, kompyuta huupima mtikisiko huo mara nyingi kila sekunde na kukiandika kila kipimo kama namba. Katika diski ya muziki ya CD vipimo huchukuliwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na baiti 2. Na kwa kuwa diski hiyo ina njia mbili za sauti, ya kulia na ya kushoto, sekunde moja huchukua baiti 176,400. Herufi moja ya maandishi huchukua baiti 1 tu. Sasa msomaji na aitazame sentensi hii: Sitakubali mji huu uteketezwe. Ikihesabiwa pamoja na nafasi zake, bila nukta, ina herufi 29, yaani baiti 29. Ikitamkwa kwa sekunde 2 huchukua baiti 352,800. Sauti imekuwa nzito kuliko maandishi kwa zaidi ya mara 12,000.

Kwa kipimo hicho, maneno 800,000 yakisemwa kwa mwendo wa maneno 150 kila dakika yatachukua karibu saa 89. Diski moja ya CD hubeba dakika 74. Mchezo mzima kwa hiyo ungehitaji diski zaidi ya 72, ambapo maandishi yake peke yake, yakikadiriwa kwa herufi sita kila neno, yangeingia katika disketi nne za megabaiti 1.44. Haishangazi basi kwamba watengenezaji wa wakati huo waliwapa wahusika wao sauti chache za hapa na pale, kama salamu, kilio cha vita au mguno wa maumivu, na kuyaacha mengine yote yasomwe. Katika Baldur's Gate ya mwaka 1998, iliyotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada, mchezaji alimchagulia shujaa wake fungu la sauti za namna hiyo, basi.

Kizuizi hiki hakikudumu. Zilipatikana njia za kuifinya sauti kwa kutupa sehemu ambazo sikio halizitambui, hata baiti 8,000 kwa sekunde zikatosha kwa maneno ya kusikika vizuri. Saa zile 89 hushuka hadi megabaiti 2,560 hivi, na diski moja ya DVD huzibeba na kubakiza nafasi. Kwa hiyo mtu akisema leo kwamba shujaa hana sauti kwa sababu ya ufinyu wa nafasi, atakuwa amekosea. Sababu zimehamia kwingine.

Hesabu ya matawi

Mazungumzo yenye machaguo huchorwa kama mti. Shina ni neno la kwanza la msemaji, na kila jibu la mchezaji ni tawi. Tuseme kila mara mchezaji hupewa majibu matatu, na mazungumzo yana hatua tano. Ikiwa kila jibu huzaa mkondo wake wa pekee, hatua ya kwanza ina majibu 3, ya pili 9, ya tatu 27, ya nne 81 na ya tano 243. Jumla ni majibu 363, kwa mazungumzo ambayo mchezaji atayapitia kwa kutamka matano tu. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuendeleza mti huo hadi hatua ya kumi. Watakapopata 88,572 wataelewa kwa nini hakuna mwandishi aandikaye namna hiyo.

Waandishi hufanya hila. Matawi huachwa yatengane kwa hatua moja, kisha hukunjwa na kurudishwa kwenye shina: majibu matatu tofauti, kisha neno moja lile lile la kuyaendeleza. Kwa njia hiyo hatua tano zahitaji majibu 15 tu. Ubaya wake ni kwamba mchezaji mwerevu hugundua upesi kuwa chaguo lake halikubadili kitu. Hila iliyo bora ni ya kuweka kumbukumbu: mchezo huandika kwa siri kwamba mchezaji alimdanganya mfalme, au alimwachia mwizi, na saa kadhaa baadaye mtu mwingine humkumbusha jambo hilo kwa sentensi moja.

Maadamu maneno ya shujaa ni maandishi, tawi jipya humgharimu mwandishi alasiri moja. Maneno hayo yakiwa sauti, kila tawi huhitaji mwigizaji, chumba kisichopenya kelele, fundi mitambo na mwongozaji. Isitoshe, shujaa aweza kuwa mwanamume au mwanamke, kwa hiyo waigizaji ni wawili. Mchezaji akiruhusiwa kuchagua sauti mbili kwa kila jinsia, ni wanne. Yale majibu 363 yamekuwa rekodi 1,452, na zikitafsiriwa na kuigizwa kwa lugha sita ni rekodi 8,712. Hakuna mhusika mwingine anayezidishwa hivyo, kwani muuza samaki wa mjini ana sauti moja kwa wachezaji wote. Gharama ya kumpa shujaa sauti kwa hiyo haifanani hata kidogo na gharama ya kumpa sauti mtu mwingine yeyote mchezoni.

Lipo na jambo la kalenda, ambalo watu wa nje hawalioni. Sentensi iliyoandikwa yaweza kusahihishwa juma la mwisho kabla mchezo haujatoka. Sentensi iliyorekodiwa imefungwa. Kuibadili ni kumwita tena mwigizaji ambaye pengine yuko kazini kwingine. Basi waandishi hulazimika kuumaliza mswada mapema, na tawi lolote zuri linalowajia akilini baadaye huachwa.

Neno fupi kwenye kioo

Sauti ilileta tatizo jingine ambalo wengi hawakulitazamia. Mtu mzima asomaye Kiingereza kimoyomoyo husoma takriban maneno 240 kwa dakika, ambapo mwigizaji husema kama 150. Mchezaji akikwisha kulisoma jibu zima ili alichague, kisha akalazimika kulisikia neno kwa neno likisemwa polepole kuliko alivyolisoma, huchoka. Mwaka 2007 BioWare, katika Mass Effect, mchezo wa safari za angani, walijaribu dawa: majibu yalipangwa katika duara, na badala ya sentensi nzima yaliandikwa maneno mawili au matatu ya kudokeza. Mark Meer na Jennifer Hale waliigiza sauti za shujaa, nao walisifiwa sana, hasa Hale.

Lakini dokezo ni ahadi, na ahadi yaweza kuvunjwa. Hebu msomaji awaze mjane amwombaye shujaa msaada. Kwenye kioo kumeandikwa: Sina fedha. Mchezaji, akidhani kwamba anakataa kwa upole, huchagua jibu hilo. Naye shujaa hufungua kinywa na kusema kwamba fedha zake si za kuwalisha wavivu. Mfano huu umebuniwa, ila kila aliyecheza michezo ya duara anaijua aibu hiyo. Katika Fallout 4 ya mwaka 2015, iliyotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani, mambo yalizidi. Majibu yalikuwa manne daima, kwa sababu kidude cha kuchezea kina vitufe vinne, na moja lao mara kwa mara lilidokezwa kwa neno moja tu, yaani kejeli. Kejeli gani, dhidi ya nani, mchezaji hakujua mpaka ilipokwisha kutamkwa. Haukupita muda mrefu wachezaji wenye ujuzi wakatunga programu ndogo ya kuonyesha sentensi nzima, na watu wengi wakaipachika katika nakala zao. Waigizaji wawili wa shujaa, Brian T. Delaney na Courtenay Taylor, walikuwa wamerekodi takriban mistari 13,000 kila mmoja.

Dragon Age II ya mwaka 2011 ilitafuta njia ya katikati. Katikati ya duara iliwekwa picha ndogo ya kuonyesha nia ya jibu, mathalani kinyago cha kuchekesha kwa mzaha. Hapo ndipo shujaa, aitwaye Hawke, alipogawanywa katika tabia tatu: mpole, mcheshi na mkali. Programu ilihesabu ni tabia ipi mchezaji aichaguayo zaidi, na kwa hesabu hiyo Hawke akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa, kwa namna ya mcheshi au ya mkali. Ni ufundi wa kupendeza, na mchezo huo unastahili sifa kuliko ulizopewa. Hata hivyo mtu aliyetaka kuwa mpole kwa wanyonge na mkali kwa matajiri aliona kwamba mashine inamsukuma achague moja.

Sauti humfanya mtu

Hadi hapa sababu zimekuwa za gharama na za ufundi. Iliyobaki ni ya lugha, na walimu wa Kiswahili wana nafasi nzuri kuliko wengi ya kuieleza darasani. Katika Kiswahili kauli na swali mara nyingi hutofautiana kwa kiimbo peke yake: Amekwenda, na Amekwenda? Maneno ni yale yale. Kupanda kwa sauti ndiko kuliko na habari. Vivyo hivyo sentensi Nitakulipa yaweza kuwa ahadi, dhihaka au tishio. Mwanafunzi mmoja akiisoma kimya, ataisikia kichwani kwa kiimbo alichokitaka yeye, na jirani yake kwa kiimbo kingine, nao wote wawili watakuwa sawa. Mwigizaji akiitamka, imekuwa moja. Hawezi kuitamka bila kuchagua. Shujaa bubu kwa hiyo hakuwa bubu hasa. Alikuwa na sauti nyingi kadiri ya idadi ya wachezaji.

Pamoja na kiimbo huja umri, jinsia, lafudhi na daraja la mtu. Dragon Age: Origins, iliyotoka mwaka 2009 na shujaa asiye na sauti, ilimpa mchezaji asili sita za kuanzia: aweza kuwa mtoto wa mtawala, mlala hoi wa mtaa wa mafukara, mwindaji wa msituni, mwanamfalme wa watu waishio chini ya milima, mtu wa tabaka lililotupwa la watu hao hao, au mwanafunzi wa uchawi. Kila asili ilikuwa na saa zake za mwanzo, tofauti kabisa. Miaka miwili baadaye, katika Dragon Age II, shujaa alipopewa sauti za Nicholas Boulton na Jo Wyatt, asili hizo zilitoweka. Hawke ni binadamu wa ukoo mmoja, hana budi. Mwaka 2014 Dragon Age: Inquisition ilirudisha jamii nne na kutoa sauti nne, mbili za kiume na mbili za kike, moja ya kila jinsia ikiwa na lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza na nyingine ya Kimarekani. Mchezaji aliyeunda jitu lenye pembe na mchezaji aliyeunda mtu mfupi wa mapangoni walichagua katika sauti zile zile.

Jina nalo lina mkasa wake. Mchezaji akiandika jina la shujaa wake, hakuna mwigizaji aliyewahi kulitamka. Katika Final Fantasy X, mchezo wa Kijapani wa mwaka 2001, ambao ulikuwa wa kwanza katika mfululizo wake kuwa na waigizaji wa sauti, shujaa kijana huitwa Tidus, ila mchezaji anaruhusiwa kumbadilisha jina. Matokeo yake ni kwamba katika saa zote za mchezo huo, hata katika mazungumzo ya mapenzi, hakuna mtu anayemwita kwa jina. Wengine hukwepa kwa kuliacha jina la kwanza huru na kufunga la ukoo, kama Hawke, au kwa kumwita shujaa kwa cheo chake. Fallout 4 ilikwenda mbali zaidi: mwigizaji wa roboti mmoja mtumishi alirekodi mamia ya majina, na mchezaji akibahatika humsikia akimwita kwa lake.

Jinsia hudai zaidi katika lugha fulani. Mpolandi akisema kwamba alifanya jambo, kitenzi chenyewe hubadilika kulingana na jinsia yake: zrobiłem kwa mwanamume, zrobiłam kwa mwanamke, hata katika nafsi ya kwanza. Kwa hiyo maneno ya shujaa katika lugha hiyo huandikwa mara mbili hata kabla ya kuwaza sauti. Kiswahili, chenye nilifanya moja kwa wote, kingewapunguzia watafsiri kazi hiyo, lakini michezo mikubwa iliyotajwa humu haijatafsiriwa kwa Kiswahili, si kwa sauti wala kwa maandishi.

Wenye sauti na wasio nayo

Isidhaniwe kwamba shujaa asemaye hana hiari. Kampuni ya CD Projekt RED ya Poland ilitengeneza michezo ya Witcher kutokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski, na shujaa wake, Geralt, ni mtu aliyekwisha kuumbwa: ana uso wake, kazi yake ya kuwinda mazimwi, wapenzi wake wa zamani na sauti ya mkwaruzo, ya Jacek Rozenek kwa Kipolandi na ya Doug Cockle kwa Kiingereza. Mchezaji haulizwi yeye ni nani, ila huulizwa mtu huyu atende nini. Katika mchezo wa tatu, wa mwaka 2015, Geralt hukuta roho iliyofungwa chini ya mti wa kale. Akiifungua, watoto yatima wa kinamasini huokoka, lakini kijiji kizima huteketea na mama mmoja hupoteza maisha. Akiiua, mama huyo huishi, ingawa akili zake zimemtoka, na watoto hawaonekani tena. Hakuna sauti ya kumwambia mchezaji amekosea au amepatia. Hiari ya namna hii ni nzito kuliko nyingi zipatikanazo katika michezo ya shujaa bubu, na sauti haikuipunguza, kwa sababu tangu mwanzo mchezaji hakuahidiwa kwamba Geralt ni yeye.

Kwa upande mwingine, shujaa bubu ana udhaifu wake. Kamera ilipokuwa juu, mbali, na watu wakiwa wadogo kama sisimizi, kimya chake hakikuonekana. Kamera iliposhuka hadi usoni, mtu aliyefiwa akawa analia na shujaa amesimama mbele yake kama mlingoti. Bethesda walilikwepa tatizo hilo katika Skyrim ya mwaka 2011 kwa kumwacha mchezaji aone kwa macho ya shujaa wake, aliyechaguliwa kutoka jamii kumi, na mistari zaidi ya 60,000 ya sauti ikawa ya watu wengine wote. Lipo jambo la kuchekesha humo: shujaa huyo asiyesikika hata salamu katika mazungumzo ana silaha kubwa ambayo ni sauti, maneno ya lugha ya majoka ambayo akiyapaza huwarusha adui zake hewani. Baada ya Fallout 4 kampuni hiyo ilirudi kwenye ukimya. Katika Starfield ya mwaka 2023, yenye mistari zaidi ya 250,000, shujaa hana mstari hata mmoja wa kusema katika mazungumzo.

Mwaka huo huo kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, inayotumia kanuni za mchezo ule wa mezani wa mwaka 1974. Mchezaji ana jamii 11 na kazi 12, na jamii na kazi hizo huleta majibu yao ya pekee. Kumpa shujaa huyo sauti kungekuwa kuirudia hesabu ya matawi katika hali yake mbaya kabisa. Larian walimwacha kimya katika mazungumzo, uso wake tu ukionyesha hasira au mashaka, na badala yake wakaweka msimulizi, Amelia Tyler, amwambiaye mchezaji yale ayaonayo na kuyahisi, kwa nafsi ya pili. Ni kazi ile ile ya msimamizi wa mezani, au ya bibi mtambaji wa hadithi aliye na mjukuu mmoja tu wa kumsikiliza. Mchezo ulipata tuzo nyingi, na hakuna aliyedai kwamba ni wa kizamani kwa sababu shujaa wake hasemi.

Sauti zisizo za mtu

Siku hizi imezuka njia ambayo yaweza kuipindua hesabu yote iliyotangulia. Mashine hulishwa rekodi za mtu, hujifunza uhusiano wa herufi na mawimbi ya sauti yake, kisha husoma sentensi yoyote kwa sauti inayofanana na yake. Kwa njia hiyo tawi jipya halihitaji tena chumba cha kurekodia, na jina lolote alipendalo mchezaji, liwe Tidus au Mwanaidi, laweza kutamkwa.

Waigizaji waliona upesi maana ya jambo hilo kwa mkate wao. Tarehe 26 Julai 2024 chama chao cha Marekani, SAG-AFTRA, kiliwaita wanachama wanaofanya kazi za michezo ya kompyuta kwenye mgomo, na suala la mashine hizo lilikuwa kiini chake. Mgomo ulisimamishwa Juni 2025, na mwezi uliofuata wanachama wakaupitisha mkataba unaotaka mwigizaji aombwe ridhaa kabla nakala ya sauti yake haijatengenezwa, na aelezwe itakavyotumika. Ridhaa hiyo aweza kuiondoa kwa muda wakati wa mgomo.

Mkataba huo haugusi ule mti wa majibu 363. Mashine yaweza kuyatamka yote kwa usiku mmoja, kwa sauti nne au arobaini. Lakini baada ya kila jibu lazima kuwe na jambo linalotokea: mlango unaofunguliwa, rafiki anayeondoka, kijiji kinachoteketea, na kila jambo hilo huhitaji mtu wa kulifikiria, wa kulichora na wa kulijaribu, hata kama wachezaji wengi hawatapita kamwe katika tawi hilo.